Hesabu Siku Tangu Mvua: Mwongozo Kamili wa Kuyaona Majira Mlangoni Pako Uganda

Watu wengi hapa kwetu watakuambia Uganda haina majira: kuna jua, kuna mvua, basi. Nami nilisema hivyo miaka mingi hapa Walukuba, Jinja, mpaka siku moja ya mwezi Machi jirani yangu, mama wa Kisoga mwenye kibanda cha kabalagala (vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo), alipokuja kuniazima beseni kubwa. La nini? La kumbikumbi, akasema, watatoka leo. Tangu mwaka uanze hatukuwa tumemwona hata mmoja. Jioni giza lilipoanza kuingia walimiminika kutoka kwenye kichuguu nyuma ya choo, na beseni langu likajaa.

Nilimuuliza alijuaje. Akashangaa kuulizwa. Mvua kubwa imenyesha juzi baada ya jua refu, leo kumeshinda fukuto na upepo hakuna. Angoje nini tena?

Kosa langu lilikuwa kuyatafuta majira kwenye tarehe. Kwa wenzetu wa Ulaya baridi na urefu wa mchana ndivyo vinavyoamuru mti utoe majani lini. Huku karibu na Ikweta mchana haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kuonekana, na joto la Januari halitofautiani sana na la Julai. Anayeamuru hapa ni mvua. Kwa hiyo ukitaka kuyaona majira, usiulize leo ni tarehe ngapi. Uliza: leo ni siku ya ngapi tangu mvua? Mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali hilo.

Kwanza, jua uko upande gani wa nchi

Kusini na katikati ya Uganda, pamoja na ukanda wote wa Ziwa Victoria, hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Za kwanza huanza Machi hadi Mei, Waganda huziita toggo. Za pili huanza Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, nazo huitwa ddumbi. Kati yake kuna kiangazi cha Desemba hadi Februari, na kingine cha Juni na Julai. Kaskazini mambo ni mengine. Arua na Gulu, mvua huanza karibu na Aprili na kuendelea mpaka Oktoba au Novemba, ikipungua kidogo tu katikati, kisha kiangazi kimoja kirefu hufuata. Karamoja mvua ni chache zaidi na kiangazi ni kikali zaidi. Ndugu yangu akinipigia simu kutoka Arua mwezi Januari analalamika vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, huku mimi nimetoka kuanua nguo kwa sababu ya manyunyu ya ziwani.

Sababu ni jua lenyewe. Linapokuwa juu ya Ikweta, mwezi Machi na Septemba, hupasha ardhi, hewa hupanda, na ule mkanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa. Sisi wa kusini hupitiwa na mkanda huo ukienda kaskazini na tena ukirudi. Wa kaskazini wanakaa karibu na mwisho wa safari yake, ndiyo maana mvua zao zimeungana.

Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna jambo letu la ziada. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea majini, mawingu hujengeka juu ya ziwa, na radi hupiga alfajiri. Jinja na Entebbe mvua ya asubuhi ni kitu cha kawaida. Ukienda ndani zaidi, mvua hupenda alasiri. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako mvua yako hupenda saa ngapi. Ikibadili saa yake, nalo ni badiliko la kuandikwa.

Mahali pamoja, saa moja, daftari moja

Huhitaji shamba. Hata ukiwa umepanga chumba kimoja, kile ambacho Waganda hukiita muzigo, unao mlango, na mbele ya mlango kuna mbingu, ukuta, na bila shaka mti wa mtu fulani. Chagua mahali utakapokaa dakika kumi kila siku, saa ile ile. Mimi nilichagua saa moja asubuhi na kikombe cha chai, kwenye kibaraza. Jioni ni nzuri kwa wadudu, lakini jioni zina wageni.

Daftari liwe la karatasi na lenye mistari. Simu nayo inafaa kwa picha, ila picha elfu mbili zisizo na maneno hazisomeki. Kila siku andika mambo manne tu: tarehe, mvua ya jana, siku ya ngapi tangu mvua, na kitu kimoja ulichokiona au kukisikia. Kimoja. Waliojaribu kuandika kila kitu niliwaona wakiacha kabla wiki tatu hazijaisha.

Na uandike "hakuna" pale ambapo hakuna. Hili watu hulidharau. Ukiandika tarehe 4 Oktoba "mbayuwayu sita kwenye waya", lakini hukuandika kwamba tarehe 1, 2 na 3 waya ulikuwa mtupu, hujui kama walifika tarehe 4 au ni wewe uliyeinua macho tarehe 4.

Tengeneza chupa ya mvua

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo ubavu wake umenyooka. Ikate pale shingo inapoishia, kisha kigeuze kile kipande cha juu na kukitumbukiza kama faneli. Huzuia maji yasikauke upesi na majani yasiingie. Kitako cha chupa si bapa, kwa hiyo weka kokoto, halafu mimina maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka na kokoto zizame. Chora mstari hapo kwa kalamu isiyofutika. Huo ndio sifuri yako.

Isimamishe mahali pa wazi, mbali na ukuta au mti kwa umbali wa angalau mara mbili ya kimo cha ukuta au mti huo, na uifunge kwenye kijiti isiangushwe na kuku. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki husoma vipimamvua vyao, pima kwa rula maji yamepanda milimita ngapi juu ya mstari. Kisha yamwage yarudi kwenye sifuri. Wakati wa jua kali maji hukauka chini ya mstari, ongeza.

Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 25 juu ya bati lenye mita 40 za mraba ni lita 1,000, tangi zima. Nilipomwonyesha baba mwenye nyumba hesabu hiyo aliacha kuicheka chupa yangu na akanunua mfereji wa bati.

Sasa weka kanuni ya "siku sifuri". Yangu ni hii: zikipita siku kumi bila mvua ya maana, kisha zikanyesha milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili, siku hiyo inaitwa sifuri, na kuanzia hapo nahesabu. Unaweza kuweka namba nyingine, mradi usiibadilishe katikati ya mwaka.

Siku za kwanza baada ya sifuri

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo inafaa uamke mapema hata ukiwa mvivu miezi mingine yote.

Usiku ule ule sikiliza vyura. Walikuwa kimya kiangazi kizima, na sasa kila dimbwi lina kwaya yake. Huna haja ya kujua majina yao. Hesabu sauti za aina mbalimbali: moja, mbili, tatu. Mwaka jana usiku wa sifuri nilisikia aina mbili, siku ya tano zikawa nne.

Kumbikumbi hufuata. Usiwachukulie kama kundi moja, maana wako wa aina nyingi: wengine hutoka mchana jua likiwaka baada ya mvua, wengine machweo, wengine usiku wa manane na utawajua kwa mabawa tu yaliyotapakaa barazani asubuhi. Andika saa waliyotoka na kichuguu kipi. Baada ya miaka miwili utajua kichuguu kipi hutangulia, na majirani wataanza kukuuliza wewe.

Kisha wa ardhini: jongoo wakivuka njia, konokono ukutani, siafu wakihama kwa msafara kwa sababu maji yameingia makwao. (Wakiingia ndani, toka na watoto, uwaache wapite. Watakusafishia mende wote.) Baadaye kidogo uyoga huchomoza. Ule mdogo mweupe unaotokea kwa mamia pembeni mwa vichuguu unalimwa na mchwa wenyewe huko chini. Kuuangalia ni bure. Kuula, mwachie mtu aliyeuchuma tangu utotoni.

Na kahawa. Kama jirani yako ana mti mmoja tu wa robusta, na Busoga na Buganda ni nani hana jirani wa namna hiyo, basi una saa bora kuliko zote. Mti wa kahawa huandaa vichipukizi vya maua wakati wa ukame, kisha hulala navyo. Ukipata mvua huamka, na kiasi cha wiki moja hadi siku kumi baadaye mti wote huwa mweupe, na harufu yake ni kama ya asumini. Maua hudumu siku chache tu, kisha hugeuka kahawia. Ukisafiri kwenda Kampala wikendi ile, umeyakosa. Kuanzia ua mpaka tunda jekundu la robusta ni miezi tisa hadi kumi na moja, kwa hiyo tarehe utakayoandika leo inakuambia mavuno yatakuwa lini.

Usishangae ukiona maua mara mbili au tatu. Manyunyu ya Februari huamsha baadhi ya vichipukizi, mvua ya Machi huamsha vingine. Ndiyo maana tawi moja la kahawa huwa na matunda mabichi na mabivu pamoja.

Mambo yasiyofuata mvua: jua

Nilisema mchana haubadiliki. Ni kweli, lakini jua lenyewe halitulii, na waumini wa Kiislamu wanalijua hilo kuliko wengine kwa sababu ya ratiba ya sala iliyobandikwa msikitini. Jinja, mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Katikati ya Februari huchomoza karibu na saa moja kamili. Nusu saa nzima imehama, na machweo nayo yamehama vivyo hivyo. Chanzo ni kwamba Dunia huenda kasi zaidi ikiwa karibu na Jua, na mhimili wake umeinama. Vitu hivyo viwili vikijumlishwa, adhuhuri ya kweli hutangulia au huchelewa.

Kuliona hili nyumbani, simamisha kijiti cha mita moja uani, kikiwa wima kabisa. Pima kivuli chake kifupi kuliko vyote, ambacho kwetu huangukia karibu na saa saba kasoro robo, kikichezacheza robo saa kabla au baada kulingana na mwezi. Tarehe 21 Juni jua liko upande wa kaskazini, na kivuli cha Jinja kitaelekea kusini kwa sentimita kama 42. Tarehe 21 Desemba kitaelekea kaskazini kwa sentimita 44 hivi. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba kivuli kinakaribia kutoweka, kijiti kinasimama kama hakina mwili. Watoto wa mtaa huipenda siku hiyo.

Njia nyingine ni kuangalia jua linachomoza nyuma ya kitu gani: mnara wa simu, mwembe, kona ya ghala. Kati ya Juni na Desemba sehemu ya kuchomoza huhama nyuzi 47, yaani karibu ngumi tano ukinyoosha mkono mbele yako. Machi na Septemba huhama haraka, karibu upana wa jua lenyewe kila siku; Juni na Desemba huwa kama limesimama. Usilikodolee macho. Tazama mwanga wake unapogonga ukuta wa chumba na uweke alama kwa penseli. Penseli, si kalamu ya wino. Nilikosana na mwenye nyumba.

Wageni wa angani

Kati ya Septemba na Oktoba mbayuwayu wa Ulaya na Asia hufika, na hukaa mpaka karibu na Aprili. Tatizo ni kwamba tunao pia mbayuwayu wetu wanaokaa mwaka mzima chini ya mapaa, na watu huwachanganya. Mgeni ana koo jekundu lililozungushiwa mkanda mweusi mzima, na tumbo lake ni jeupe. Mwenyeji wetu wa kawaida, wekundu wake umeshuka kifuani, mkanda ni mwembamba na umekatika, na tumbo ni la kijivujivu. Angalia mikia pia. Wageni hubadilisha manyoya wakiwa huku, kwa hiyo katikati ya msimu wengi mikia yao ni mifupi. Karibu na kuondoka zile nyuzi mbili ndefu zinakuwa zimerudi. Ukiona waya umejaa mikia mirefu mwezi Machi, jua safari iko karibu.

Kwa ndege wenyeji, mimi namtazama mnana, yule wa manjano anayesuka viota kwenye mti karibu na barabara. Rangi ya kiota ni habari tosha. Kibichi kimesukwa wiki hii, cha kahawia ni cha zamani. Dume akisuka na jike akakataa kuingia, hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Hesabu viota vibichi kila Ijumaa. Mvua zikishika, utaona namba ikipanda.

Senene, na ule moshi wa ziwani

Senene huja na mvua zote mbili, kundi kubwa likiwa Novemba na jingine Aprili na Mei. Hawahitaji mwongozo, taa za mtego na mabati yaliyopangwa juu ya mapipa zitakuambia wamefika, na bei ya kikombe itakuambia ni wengi au wachache. Kwa Kiganda Novemba inaitwa Museenene, mwezi wa senene wenyewe. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu. Aprili ni Kafuumuulampawu, na mpawu ni aina ya kumbikumbi. Kwa hiyo unapofungua daftari lako hufanyi jambo jipya. Wazee walishaandika lao, wakalifanya majina ya miezi.

Wadudu wa ziwa ni kisa kingine, kwa sababu wao hawangoji mvua wala jua. Wanaangalia mwezi. Ile minara ya moshi unayoiona ikisimama juu ya Ziwa Victoria ni mabilioni ya wadudu wadogo waliokua majini na kutoka kwa pamoja, na aina mojawapo kubwa hutoka zaidi karibu na mwezi mwandamo. Jioni mnapopanda mahali pa juu kuutafuta mwezi, tazameni na majini. Watafiti waliofanya kazi ziwani humu miaka ya 1950 waligundua na mdudu mwingine, mwenye mkia wa nyuzi, anayetoka kwa wingi usiku wa pili baada ya mwezi mpevu, akapanda hewani, akataga, akafa baada ya saa moja au mbili. Ongeza safu ndogo ya mwezi kwenye daftari lako: mwandamo, nusu, mpevu. Bila safu hiyo wadudu hawa wataonekana kama hawana mpango.

Miti, polepole

Chagua mti mmoja tu, uutazame mara moja kwa wiki, na utumie herufi: K kwa majani kukauka na kudondoka, C kwa chipukizi, M kwa maua, T kwa matunda. Mvule unafaa kwa sababu hupukutisha majani waziwazi. Mjirikiti unafaa zaidi kwa anayeanza, kwani maua yake mekundu hutoka kiangazi wakati matawi hayana jani. Kifabakazi, ule mti wa maua ya rangi ya moto, huchanua mara nyingi mno, usianze nao. Mwembe nao ni mwalimu mgumu: majani yake mapya hutoka mekundu, yananing'inia kama nguo zilizoloa, kisha hugeuka kijani, kuanzia ua mpaka embe lililoiva ni miezi mitatu hadi mitano.

Jihadhari na vitu vinavyodanganya. Mti uliopandwa karibu na bomba linalovuja hauna kiangazi. Taa ya barabarani huvuta wadudu wasio wa mtaa wako. Na mti wa jirani usiuhesabu pamoja na wako, hata kama ni wa aina moja.

Kusoma daftari mwaka wa pili

Mwaka wa kwanza unakusanya tu. Mwaka wa pili pigia mistari ukurasa mmoja: upande wa kushoto matukio (vyura, kumbikumbi, kahawa, viota vibichi), upande wa kulia safu mbili, tarehe na siku tangu sifuri, kwa kila mwaka. Mimi tarehe zangu za maua ya kahawa zilipishana siku 19 kati ya mwaka na mwaka. Siku tangu sifuri zilipishana mbili.

Mbayuwayu walifanya kinyume. Tarehe zao zilikaribiana, siku za mvua hazikuwahusu, kwani kinachowaondoa huko walikotoka si mvua ya Jinja. Kwa njia hiyo matukio yako yatajigawa yenyewe mafungu matatu: yanayofuata mvua, yanayofuata jua, na yanayofuata mwezi.

Mwembe ulio mbele ya kibaraza changu umekataa mafungu yote. Unachanua upande mmoja, upande wa pili unatoa majani mekundu, miezi sita baadaye wanabadilishana zamu. Mwaka huu nimefunga uzi mwekundu kwenye tawi la upande wa ziwa na uzi mweupe kwenye la upande wa barabara, na kila moja lina ukurasa wake.